Kuwa na fungu katika nyumba si ruhusa ya kuibomoa

Tunapozungumzia uharibifu wa mali hapa Mombasa, mawazo hukimbilia taa za barabarani na mifuniko ya mitaro iliyoibwa. Mimi naona uharibifu unaostahili kujadiliwa zaidi ni ule unaofanywa na mtu anayedai kwamba anavunja chake. Katika mitaa kama Majengo na Likoni ziko nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye kiwanja ni mwingine, na ziko nyumba za urithi ambazo hazijagawanywa kwa miaka mingi. Ndugu mmoja aking'oa mabati, mlalamikaji anayekwenda polisi huweza kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya kifamilia, afungue kesi ya madai.

Jibu hilo haliafikiani na sheria. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamtia hatiani anayeharibu mali yoyote kwa makusudi na kinyume cha sheria, na adhabu yake, pale isipotajwa nyingine, ni kifungo cha hadi miaka 5. Kifungu cha 331, ambacho wachache hukisoma, kinaongeza kwamba kuidhuru mali ya mwenzako bila idhini yake ni haramu isipokuwa sheria imeruhusu, na kwamba haijalishi iwapo mtendaji ndiye anayeishikilia mali hiyo au ana sehemu yake ndani yake.

Ugumu uko katika kifungu cha 8, kinachomwondolea hatia mtu aliyetenda akiamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kudanganya. Kinga hiyo ni ya lazima, kwani jela si pa kumfundishia mtu mipaka ya kiwanja. Lakini anayeleta vijana wenye mitaimbo usiku, ilhali shauri lingali mbele ya Kadhi au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, imani yake ya dhati ni ipi?

Wala sitamani kila anayebomoa hivyo afungwe. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinampa hakimu uwezo wa kuamuru aliyepatikana na hatia alipe fidia katika kesi hiyohiyo, na mjane aliyeezuliwa paa hana sababu ya kutafuta wakili wa kesi ya pili ili apate bei ya mabati.