Rubani akichoka ndege hairuki, nesi akichoka je?

Binti wa dada yangu kapata matokeo yake ya kidato cha nne, kafanya vizuri fizikia na hesabu, na kwa sisi Wamwera mtoto wa dada ni wa kwako mjomba, hilo halina mjadala, shule yake, unyago wake, posa ikija unaitwa wewe ukae mbele. Kwa hiyo juzi nikaitwa Mtama nyumbani kwa dada tukae tuongee. Mtoto anataka kuwa rubani. Mama yake anataka awe nesi, na sababu yake ni moja tu, mimi mjomba wake ni nesi na nimejenga.

Nimejenga ndiyo, vyumba viwili na sebule, miaka kumi na moja kazini, na bati za mwisho zimepigwa kwa hela ya korosho wala sio ya mshahara.

Mtoto akatoa simu, alishasachi mtandaoni, akanionyesha takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024, rubani wa mashirika ya ndege mshahara wa katikati kwa mwaka ni dola 226,600 na nesi aliyesajiliwa ni dola 93,600, yaani nusu ya watu wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata pungufu. "Mjomba umeona?" Nikamwambia nimeona mwanangu, ila hiyo ni Marekani, kule hata huyo nesi anayeonekana wa chini ukimleta hapa Lindi ni tajiri, usije ukapanga maisha ya huku kwa bei ya kule.

Tuje kwetu sasa. Serikali ilipandisha kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, na nesi yuko juu ya hapo kulingana na daraja lake, sikatai, na mtu wa kijijini ukimtajia hiyo hela anaona wewe umeshatoka. Ila chukua slipu yangu ya mshahara uisome mstari kwa mstari. Bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi maana nilienda kujiendeleza digrii, mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha wafanyakazi asilimia 2, hapo robo nzima imeshaondoka na kodi bado haijakatwa. Kodi ikishapita ndo unaanza kugawa kilichobaki, ada ya mtoto, mama kijijini, umeme, na wewe mwenyewe ule.

Rubani anamzidi nesi mbali sana kwa mshahara na hilo sina ubishi nalo, hata dada analijua. Ubishi wangu uko kwenye njia ya kufika huko. Ili upewe leseni ya kurusha ndege kibiashara unatakiwa kwa kawaida uwe na masaa kama 200 angani, na kila saa unailipia, mafuta, ndege, mwalimu, wengi wanaenda Afrika Kusini au kwengineko na gharama yote inavuka milioni 100 za kwetu. Chuo cha afya cha huku tunaongelea milioni moja, mbili kwa mwaka, stashahada ni miaka mitatu.

Nikapiga hesabu mbele yao kwa korosho maana ndo lugha tunayoelewana. Shamba aliloacha marehemu baba lina mikorosho kama 80, mwaka ukiwa mzuri na salfa ukapuliza kwa wakati ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, usikuwahi, tunapata kilo mia sita na kitu. Minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 bei ilivuka 4,000 kwa kilo, watu walishangilia huku kusini mpaka usiku. Haya, milioni 100 gawa kwa 4,000 ni kilo 25,000. Tani 25! Kwa shamba letu ni misimu kama 40, hapo hujala, hujanunua salfa, hujalipa vibarua wa kupalilia. Dada akanyamaza, mtoto naye akanyamaza, nikaona nimewakata maini bure, nikawaambia ngojeni sijamaliza.

Na leseni sio ajira, vijana wana leseni za urubani na wako nyumbani, maana kampuni inataka mtu mwenye masaa mengi na masaa huyapati bila kampuni, wanaobahatika wanaanza na vindege vidogo vya kupeleka watalii mbugani na Zanzibar mpaka wakusanye masaa, na kukalia kiti cha ukepteni kwenye ndege kubwa za abiria mara nyingi wanataka leseni ya juu ambayo ni masaa 1,500. Kila mwaka unapimwa afya upya na ukivuka miaka 60 ni kila miezi sita, ukigundulika na kifafa ndo basi, kazi imeisha hata kama bado unadaiwa ile milioni 100. Kila miezi sita unaingizwa kwenye simuleta, mashine ya kuigiza kurusha ndege, unazimiwa injini moja uonyeshe utafanyaje. Na siku mambo yakiharibika rubani anakuwa wa mbele kabisa, ile ajali ya ndege ya Bukoba ya Novemba 6, 2022 waliofariki walikuwa 19 na marubani wote wawili walikuwemo. Kwa hiyo mtu anayesema rubani analipwa hela ya bure mimi simuungi mkono hata kidogo.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonikereketa roho, ambacho sio mshahara.

Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga, mabasi yamesimama, magari foleni pande zote, na mimi nina mama ana tarehe yake ya kliniki Muhimbili. Tukachanga ndugu tukaenda kupanda ndege Mtwara. Ndege ikaja, ikapata hitilafu, tukakaa tangu asubuhi, mafundi wanahangaika nayo mpaka jioni ikapona, watu tumeshasimama na mizigo, anakuja dada wa kampuni anatangaza kwamba safari imeahirishwa mpaka kesho kwa sababu muda wa kazi wa marubani kwa siku ile umeisha, kisheria hawaruhusiwi kurusha. Aisee watu waliwaka. Mzee mmoja akasema si wamekaa tu kwenye kivuli mchana kutwa wamechokaje. Marubani wenyewe wakapita pale pembeni na vibegi vyao, kijana mmoja na mtu mzima mmoja, wanatembea vizuri tu, hawayumbi, hawajalegea macho, wanaenda kulala.

Mimi sikuwaka. Nilikaa kwenye kile kiti nikawaangalia mpaka wakapanda gari, kwa sababu siku moja kabla nilikuwa nimetoka zamu ya usiku nikaunganisha na ya mchana, mwenzangu alikuwa anaumwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia muda wako umeisha.

Wenzetu wana hesabu kabisa. Ulaya rubani harushi zaidi ya masaa 100 ndani ya siku 28 wala masaa 900 kwa mwaka, na hata huku kwetu usafiri wa anga una mipaka yake, na rubani akijiona hayuko sawa anatakiwa aseme, na akisema hamna wa kumlazimisha. Hayo masaa ni ya kurusha tu, maandalizi na kusubiri ni mbali, nalijua hilo, nisije nikaambiwa napotosha. Lakini msingi wake ni kwamba uchovu unahesabiwa, unaandikwa, na ukifika kiwango ndege inalala. Kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, ipo, imeandikwa vizuri tu, ila sijawahi kuona wodi imefungwa kwa sababu nesi kafikisha masaa.

Ngoja nikupeleke leba usiku mmoja uone. Niko mimi na mhudumu mmoja, kituo cha afya, umeme unakatika na kurudi. Wamama watatu wako kwenye uchungu. Kile karatasi cha kufuatilia uchungu, patografu, kinataka kila nusu saa usikilize mapigo ya mtoto, na uweke mkono tumboni kwa mama dakika kumi uhesabu uchungu unakuja mara ngapi. Mama mmoja dakika kumi, wamama watatu dakika thelathini, nusu saa imeisha na hujashika kitu kingine chochote, hujajibu simu, hujaenda kwa aliyejifungua jioni, hujanywa maji. Saa tisa usiku mmoja kajifungua, mtoto kalia vizuri, nimemchoma mama oksitosini, sindano ya kuzuia damu, uniti 10 pajani, kondo limetoka, halafu damu haikati. Nikaanza kusugua tumbo kwenye mfuko wa uzazi, mkono mmoja unasugua mwingine unahangaika na kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, na kitanda cha pili mama anapiga kelele "dokta, mtoto anakuja!" (sisi wanaume tunaitwa dokta, wenzetu wa kike wanaitwa nesi, kazi ni ile ile) na mimi siwezi kuachia. Mhudumu akampokea yule mtoto wa pili kwa mikono yake. Damu ikakata. Wote wakapona, namshukuru Mungu.

Asubuhi wakati wa kuandika ripoti nikashika patografu ya yule mama wa tatu, kuna masaa mawili matupu. Hamna mapigo, hamna kitu. Masaa mawili mtoto yule alikuwa yuko na Mungu peke yake. Alizaliwa salama saa nne asubuhi nikiwa bado nipo, lakini kile kimstari kitupu nimekiona usingizini mara nyingi sana.

Na asubuhi hiyo hiyo bibi mmoja alisogea mlangoni kashika chupa ya chai na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini, kaifunika na kanga, anauliza kwa upole mwanangu naweza kumuona mjukuu wangu, nikamfokea. Nilimfokea kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siijui imetoka wapi. Akasema "samahani baba" akarudi kukaa kwenye benchi. Watu wanasema manesi wana lugha chafu, manesi wana roho mbaya, na kweli tunakosea, mimi nilikosea na nilimfuata baadae nikamuomba radhi, lakini katika hao wote wanaolalamika hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimelala saa ngapi.

Kuna jingine nalo sijalisema sana hata nyumbani. Nilishawahi kujichoma na sindano saa kumi alfajiri, nilitaka kuifunika kifuniko wakati najua kabisa haifunikwi, uchovu tu, na mgonjwa alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Dawa za kuzuia maambukizi unatakiwa uanze ndani ya masaa 72 na unazimeza siku 28. Siku 28 kichefuchefu, siku 28 namuangalia mke wangu sijui nimwambie nini. Majibu yalikuja mazuri. Hiyo siku kwenye slipu yangu haipo, hakuna posho inayoitwa hivyo.

Kwa hiyo mimi sidai nesi alipwe kama rubani, nadai nesi ahesabiwe masaa kama rubani. Mtu akitoka usiku asiunganishwe na mchana, iwe marufuku kweli, na inchaji anayepanga zamu awe na nguvu ya kusema huyu haingii leo na asionekane mkorofi. Mtaniambia watu hawatoshi. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2025 linasema dunia ina upungufu wa manesi milioni 5.8, sawa, lakini hapa Lindi mjini nawafahamu vijana wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mkononi na wanauza chipsi. Wapo. Wamesoma. Waajiriwe waje wakae na mimi usiku ule tuwe wawili, mmoja asugue tumbo mmoja asikilize mapigo. Mshahara tutaendelea kuudai taratibu, ila usingizi hauwezi kusubiri bajeti ya mwaka kesho.

Na hili nimelisema kwa dada yangu wazi wazi, kwamba asimpeleke mtoto kwenye unesi kwa sababu ajira ipo au kwa sababu mjomba kajenga. Unesi mtoto anautaka mwenyewe au asiende kabisa, maana usiku ukimbana hesabu ya ajira haitamshikilia. Huyu anataka kurusha ndege, anajua majina ya ndege zote zinazotua Mtwara, muache asome fizikia, kemia na hesabu. Ada ya kidato cha tano na cha sita naibeba mimi. Ile milioni 100 hatuna na sijui itatoka wapi, lakini ana miaka miwili, kuna mikopo ya kuulizia, kuna NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Dar nao wameingia kwenye kufundisha urubani, tutagonga milango.

Dada akanuna kidogo, akaenda jikoni, akarudi na chai, akauliza sasa tunaanzia wapi. Nikamwambia tunaanzia kwenye macho, maana rubani akiwa na shida ya kutofautisha rangi bora tujue leo kabla hatujauza hata kilo moja ya korosho. Jumatatu mtoto anakuja Lindi nimpeleke kupimwa macho na masikio. Nitakuwa nimetoka usiku siku hiyo, ila nitaenda naye.