Huku gari ya zamani haitembei, ndio maana uongo wake hauishi

Naomba leo niliseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni mtu wa magari ya zamani tangu utotoni, mzee wangu alikuwa na Volkswagen Beetle na kila jumamosi kazi yangu ilikuwa kushika tochi wakati fundi yuko nyuma kwenye injini. Sasa niko ughaibuni mwaka wa 14 na huku nimekuta watu wanaopenda magari yale yale niliyokua nayo, nilifurahi mno jamani, nikaona hapa nimepata ndugu. Na kweli wana kila kitu, spea mpya ndani ya boksi, vitabu vya kiwandani, spana za kila saizi zimepangwa ukutani. Lakini kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni kwamba wengi wao hawayajui magari yao. Kutojua peke yake hakuna neno, sote tumeanzia hapo, ila hawa mtu ana habari potofu, amepewa na aliyemuuzia, naye aliyemuuzia alipewa na mwingine, na ukijaribu kumsahihisha anaona umemtukania mama yake.

Chukua Land Rover. Kuna mzee mmoja hapa ninapokaa, mtu mwema sana, ana Land Rover ya kijani ameing'arisha mpaka unaona uso wako kwenye mlango. Akaniambia hii ni Series IIA (Series ndio jina la matoleo ya Land Rover za zamani) ya 1965, na akaongeza ile kauli ambayo nimeisikia kwa watu wengi, kwamba Land Rover haishiki kutu kwa sababu ni alumini. Sasa ni kweli bodi ni aloi ya alumini, tangu ile ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, maana baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao na alumini ilikuwepo. Lakini bodi sio gari! Chesi, yaani ule mfupa wa chini unaobeba gari zima, ni chuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na kebini nao ni chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma halafu pakawa na maji, hasa ya chumvi, alumini yenyewe inaliwa, inatoa unga mweupe kama chokaa. Halafu chesi yenyewe ni boksi, mabati yamechomelewa pande zote nne, matope yakishaingia humo hayatoki, kwa hiyo kutu inaanzia ndani inakuja nje, siku unayoiona kwa macho ujue kazi ilishakwisha zamani.

Nikamwomba ruhusa nikaingia chini na bisibisi, nikawa nagonga kwa mpini taratibu kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia, kinakurudishia mkono. Nilipofika kwenye ule mkono wa chesi unaobeba bodi nyuma ya gurudumu la mbele la kulia mlio ukabadilika, ukawa mzito bila mwangwi kama unagonga gogo lililooza, nikageuza bisibisi nikasukuma ncha kidogo tu wala sikutumia nguvu, ikazama, na vumbi jekundu likanimwagikia kifuani. Kilichokuwa kinashikilia pale ni ile rangi nyeusi ya lami waliyopaka chini kuficha. Mzee alikuwa amechuchumaa pembeni anaangalia, akasema, "Hapana kijana wangu, hiyo ni matope tu."

Na hilo la 1965 nalo nilikuwa nimeshaliona kabla hata sijaingia chini. Series IIA geji zake zinakaa katikati ya dashibodi, dereva mbele yake hana kitu. Geji zilihamia mbele ya usukani ilipokuja Series III mwaka 1971, na grili ya plastiki, ule wavu wa mbele ya radieta, ikaja nayo. Gari ya mzee ina geji mbele ya usukani, ina grili ya plastiki, na taa kubwa ziko kwenye madigadi, wakati hizo taa zilikuwa katikati kwenye grili mpaka mwishoni mwa miaka ya 60 ndio zikahama. Lakini lazima niwe mkweli, Land Rover zinapeana vipande kama ndugu wanaopeana mashati, mtu anaweza kubeba dashibodi nzima ya gari moja akafunga kwenye nyingine, kwa hiyo hizo ni dalili tu, hazitoshi kuwa ushahidi. Ushahidi ni namba iliyogongwa kwenye chesi kule mbele, tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinakwambia hii ni Series gani. Nikamuuliza namba inasemaje. Hajawahi kuisoma. Miaka 19 anayo hiyo gari, anajua hadithi yake yote ila namba yake hajaisoma!

(Na wale wanaoita kila Land Rover ya zamani Defender, hilo jina limeanza kutumika 1990. Hakuna Defender ya 1975, haipo, naomba tukubaliane hapo.)

Mwingine ni kijana amenunua MGB, ile gari ndogo ya michezo ya Uingereza, ya mwanzo mwanzo. Hizi gari zilianza kutoka 1962 na zile za miaka ya kwanza waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, sio hasi kama tulivyozoea, na nyuma ya viti kuna betri mbili za volti 6 zimeunganishwa kwa mfululizo kupata 12. Huyu kijana alipofungua akaona chanya iko kwenye bodi, akaamini aliyemuuzia alikuwa mjinga amefunga kinyume, akageuza betri zote mbili bila kuuliza mtu. Stata ikazunguka vizuri tu, maana stata za namna ile hazijali, ndipo akaamini kabisa kwamba yuko sahihi. Lakini dainamo, ile inayochaji betri, lazima uipe sumaku upya ukishageuza, usipofanya hivyo haichaji, na waya mbili za koili, ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi, lazima uzibadilishe nafasi la sivyo cheche inadhoofika, na chochote chenye transista kisichotengenezwa kwa mfumo huo kinakufa. Alinipigia simu analalamika gari imekula betri na redio imeungua, nilipomweleza akanijibu eti kuna mtu alimwambia magari ya kizamani ya Uingereza umeme wake ni mbovu tu, ndivyo yalivyo. Hiyo iliniuma. Gari imesingiziwa kosa ambalo haikufanya.

Sasa linalonigusa zaidi, Beetle. Huku nimekutana na watu wengi wenye Beetle wanaomimina dawa ya risasi kwenye tangi kila wanapojaza mafuta, yaani dawa ya kushika nafasi ya yale madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli zamani, wanaogopa injini itakufa kwa sababu petroli ya siku hizi haina risasi. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu, pale valvu inapokaa ikifunga, hasa kwenye injini zenye hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) ya chuma na viti vyake vimechongwa humo humo kwenye chuma laini, ukikimbiza sana injini ya namna hiyo bila risasi valvu za eksozi zinajichimbia ndani. Ila hedi ya Beetle ni ya alumini, alumini haiwezi kuwa kiti cha valvu, kwa hiyo tangu kiwandani wameingiza ringi za chuma kigumu. Dawa haina cha kukinga pale. Na kama mnataka ushahidi wa barabarani, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeachana na petroli ya risasi tangu mwanzoni mwa 2006, Algeria ndio ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021, na Beetle za kwetu zimeendelea kutembea bila hata tone la dawa.

Na hawa hawa wenye dawa, waulize mara ya mwisho wamepima valvu lini. Kimya. Injini ya Beetle inataka valvu zipimwe kila kilomita 5,000 hivi, injini ikiwa baridi, zile za baadaye nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma ni milimita 0.15. Silinda namba tatu ndio ya kuangalia kuliko zote, maana kipoza oili kilikuwa kimesimama kwenye njia ya hewa inayoenda kwenye silinda hiyo, ikawa inakula joto kuliko wenzake, mpaka kiwanda kilipokisogeza pembeni kwenye magari ya 1971. Valvu ya eksozi ya namba tatu ikikosa nafasi inaungua, injini imekwisha.

Haya niliyoandika hapa juu mimi sikuyapata kwenye kitabu. Nilipigia simu nyumbani kwa yule fundi wa mzee wangu, sasa ni mtu mzima sana, nikamwambia, "Shikamoo fundi, kuna Beetle huku inapoteza nguvu ikipata moto." Akasema, "Marahaba mwanangu. Ameshapima namba tatu?" Hata hakuuliza gari ni ya mwaka gani. Kitabu cha kiwandani hajawahi kukishika, ila amefungua injini hizo maisha yake yote na kila mara anakuta ugonjwa uko palepale. Tukaenda tukapima, valvu ya eksozi ya namba tatu haikuwa na nafasi hata kidogo, kipimo hakipiti.

Ndio maana nasema tofauti ya huku na nyumbani haiko kwenye akili wala kwenye fedha. Nyumbani gari ya zamani iko kazini. Kesho asubuhi inatakiwa iondoke na watu, kwa hiyo habari potofu ikiingia inakufa haraka, utafunga betri kinyume jioni na asubuhi gari imegoma, utadanganywa chesi ni nzima na ikifika kwenye makorongo inakatika, gari yenyewe inakwambia ukweli ndani ya wiki. Huku gari inatoka mara tatu au nne kwa mwaka, siku ya jua tu, inaenda kusimama kwenye majani watu waiangalie kisha inarudishwa ndani inafunikwa shuka. Uongo unaweza kukaa humo miaka 19 bila kuguswa na mtu. Na mwenye gari anakuwa ameishi na hadithi kuliko alivyoishi na gari, hivyo ukigusa hadithi unamgusa yeye.

Na nyumbani nako tuna yetu, siwezi kuyaficha. Gari ikichemsha fundi anatoa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate moto, anaitupa, anasema sasa itapoa, na kweli geji inashuka, ila injini inakuwa haifikii joto lake, inakula mafuta, silinda zinasagika, na kile kilichokuwa kinaichemsha, radieta iliyoziba au gaskiti ya hedi, bado kiko palepale. Kwenye Beetle wanatoa yale mabati yanayozunguka injini ili eti ipumue, kumbe mabati ndio yanayozuia hewa ya moto ya chini isirudi kuvutwa na feni. Haya yameua injini nyingi sana na bado tunaambizana. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba fundi wa nyumbani ukimwonyesha kwa mkono, ukaweka themostati na geji ikatulia mbele ya macho yake, anabadilika siku hiyo hiyo. Huku nimeonyesha watu namba, nimeonyesha vitabu vyao wenyewe, mtu anafunga kitabu anasema aliyemuuzia alikuwa mtaalamu.

Mwanzoni nilikuwa nawabishia hadharani mbele ya wenzao, na hapo ndipo niliharibu, hakuna mtu anayekubali kitu huku watu wamemzunguka. Siku hizi namfuata mtu pembeni namwomba anionyeshe, "naomba nione namba", "naomba nione betri", ukiomba kuona mtu anafungua mwenyewe na anachokikuta anakikuta yeye. Na nyie mlioko nyumbani wenye hawa mafundi wazee karibu, tafadhali kaeni nao mkawarekodi hata kwa simu, wakionyesha mkono unavyosikia valvu, waeleze namba tatu, maana huku kuna watu wana kila kifaa na hicho ndicho wanachokikosa.

Yule mzee wa Land Rover alinipigia jumapili iliyopita. Hakusema mengi, akaniambia nije na tochi. Nikamkuta amekaa sakafuni mbele ya gari na brashi ya waya, ameshasugua rangi kwenye chesi mpaka chuma kimeonekana, hana miwani anaogopa kusoma peke yake. Nikamsomea tarakimu moja moja na yeye akawa anaandika kwenye karatasi, tukafungua kitabu chake tukatafuta zile tatu za mwanzo. Series III. Alikaa kimya kitambo akiishika ile karatasi, halafu akauliza huo mkono wa chesi uliooza tutaanza kuukatia upande gani.