Street Fighter, Mortal Kombat na ile asilimia 20

Kwenye vibanda vingi vya PlayStation jijini Nairobi, anayetaka kujaribu gemu ya ngumi ya 2D huelekezwa kwa Mortal Kombat. Street Fighter, wanasema, ni ya wenye vidole vyepesi. Maneno hayo yalikuwa na uzito hadi Juni 2023, Street Fighter 6 ilipokuja na mpangilio wa vitufe uitwao Modern, unaotoa mapigo maalumu kwa kitufe kimoja. Sasa kibao kimegeuka: anayechezea Modern anaambiwa anabebwa.

Mortal Kombat ipewe haki yake. Kujikinga ni kitufe kimoja, R2; mpinzani akikuruka akatua mgongoni mwako, wewe endelea kushikilia tu. Kwenye Street Fighter unajikinga kwa kubonyeza nyuma, na akikuruka, hiyo nyuma imeshahamia upande wa pili. Mkuki wa mhusika Scorpion katika Mortal Kombat 11 ni nyuma, mbele, mraba. Basi. Ugumu huja baadaye: kombo ni mifuatano iliyopangwa, kila mhusika na yake, na unatakiwa kuibonyeza haraka kabla pigo la kwanza halijaisha. Kosea kitufe kimoja, mfuatano unakatika na umebaki wazi. Tena Mortal Kombat 1 haikutolewa kwa PS4, mashine ambayo bado inalisha vibanda vingi. Street Fighter 6 inapatikana.

Kilichowafukuza watu Street Fighter ni robo duara: chini, mshazari, mbele, kisha ngumi, ndipo Hadoken, ule mpira wa nguvu unaorushwa, itoke. Kwa pedi ambayo mpira wake wa ndani umechoka, mshazari haushiki, na kinachotoka ni ngumi tupu. Au unatembea mbele, unaanza robo duara bila kuachia kwanza, gemu inasoma mbele, chini, mshazari, na mhusika wako Ryu anapaa na Shoryuken, ngumi ya kupanda juu, mbele ya mtu aliyejikinga. Adhabu yake kila mtu anaijua: unatua ukiwa wazi, unapigwa. Kwa Modern, Hadoken ni pembetatu. Shoryuken ni mbele na pembetatu.

Hicho kitufe hakiji bure. Pigo maalumu likitolewa kwa mkato, yaani kwa kitufe badala ya robo duara, hupunguziwa nguvu kwa asilimia 20, na wanaolalamika huitaja kana kwamba ni chenji ya matatu. Ihesabu. Ryu ana uhai wa 10,000. Super yake (pigo kubwa linalotumia geji) ya ngazi ya tatu, ikipigwa peke yake, hukata 4,000. Kwa mkato, 3,200. Hizo 800 ni kama teke zito zima, na makato hayaishii kwa super: kila Hadoken ya mkato, kila Shoryuken ya mkato, raundi nzima, inalipa vivyo hivyo. Mpinzani anayebaki na kauhai kembamba kisha akageuza raundi, mara nyingi ni asilimia 20 hiyo iliyomwokoa. Na bado vitufe vya kushambulia ni vitatu badala ya sita, kwa hiyo baadhi ya ngumi na mateke ya Classic, mpangilio wa zamani, hayapo kabisa.

Hoja moja ya wanaoipinga Modern ina nguvu. Ukirusha Hadoken ovyo, wa Modern anaona, anabonyeza vitufe viwili, na super imeshakupitia. Wa Classic lazima azungushe robo duara mbili kwanza. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini dawa yake si kumfukuza mwenzako; ni kutazama geji yake ya super kabla ya kurusha.

Kinachosahaulika kabisa ni kwamba Modern haikufungii njia ya zamani. Ukizungusha robo duara mwenyewe, pigo linatoka na nguvu zake zote. Ingia chumba cha mazoezi, washa maonyesho ya vitufe, na usome mishale: chini, mshazari, mbele. Mshazari usipoonekana, punguza kasi ya kidole; ukikosekana hata kwa taratibu, badilisha pedi. Kwenye mechi, tumia mkato pale mpinzani anaporuka na huna muda, na robo duara ya mkono pale kombo imeshaanza na unajua kinachofuata.