Nimedifa

Mwisho wa wiki ya 9 nilikaa kitandani na kalamu nikajihesabia. Muhula wetu una wiki 14, kila somo kipindi kimoja cha saa 3 kwa wiki, na kanuni ya chuo ni kwamba asiyehudhuria theluthi mbili za vipindi haingii chumba cha mtihani. Homa ya matumbo ilikuwa imenilaza wiki 5. 14 toa 5, 9. Theluthi mbili za 14 ni 9 na theluthi. Maana yake hata ningehudhuria vyote vilivyobaki, hata kile cha Ijumaa jioni ambacho mhadhiri mwenyewe hukihurumia, ningezuiwa mlangoni kwa upungufu wa saa moja.

Kufuta somo moja moja kwenye tovuti ya chuo kulikuwa kumeshapita. Kile kitufe hukaa hadi wiki ya 3, kisha hutoweka. Kuanzia hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kubeba begi ukaondoka kimya, na wengi huifuata kwa sababu haina foleni. Lakini jina lako linabaki kwenye orodha, mtihani unafanywa, wewe hupo, na kila somo linaandikwa kwamba umekosa bila ruhusa. Hilo ni kufeli, na ukirudi unarudia na kulipia tena. Ya pili ni kuahirisha masomo kwa fomu. Huko nako si raha tupu: alama za majaribio, zile 30 kati ya 100, zinafutika, karo uliyolipa hairudishwi, inasogezwa mbele, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lazima uwaarifu, maana mkopo wao unafuata mwaka wa masomo. Tena ukiomba muhula mmoja utapata mwaka mzima, kwa sababu masomo ya muhula wa pili hufundishwa muhula wa pili tu. Ukirudi Septemba utakuta darasa lako halipo, liko Januari.

Wanafunzi jambo hili hawaliiti kuahirisha. Wanaliita kudifa. Likumbuke neno hilo.

Fomu ina nakala 3. Sehemu ya kwanza unajaza mwenyewe: namba ya usajili, mwaka, na sababu, ambazo chuoni kwetu ni tatu tu: ugonjwa, karo au msiba. Nikatia alama kwenye ugonjwa. Msiba ulikuja baadaye. Barua yangu ya hospitali ilikataliwa mara ya kwanza kwa kuwa iliandika "apumzike" bila kusema tangu lini hadi lini. Pasipo tarehe mbili na muhuri, barua ya daktari ni salamu tu. Halafu saini za kuthibitisha hudaiwi: maktaba, michezo, bweni. Maktaba nilidaiwa faini ya kitabu ambacho sikukisoma. Bwenini mlinzi aliligeuza godoro pande zote mbili kama mnunuzi wa mbuzi.

Baada ya hapo, mwenyekiti wa idara, kisha mkuu wa kitivo, ambaye kwa lugha yetu ya vibarazani ni "dini", na mwisho msajili, anayetoa barua yenye namba. Barua hiyo ndiyo kuahirisha kwenyewe. Saini zote zilizotangulia ni safari tu.

Bibi alinipigia siku moja akauliza mbona sauti yangu imechoka. Nikamwambia nazunguka tangu asubuhi namtafuta dini.

"Alhamdulillahi," akasema, "nilikuwa nikikuombea."

Ningetia akilini hapo kwamba sikio la Bibi na msamiati wa chuo haviivi chungu kimoja, nisingepatikana na yaliyonipata.

Mwenyekiti wa idara alikuwa safarini. Katibu wake akaniambia niiache fomu, akirudi atatia saini. Nami nikaiacha! Fomu ya namna hii hubebwa kwa mkono wa mwenyewe mlango hadi mlango; ukiiweka mezani inazaa fomu nyingine juu yake. Nilikwenda kuuliza siku ya 4, siku ya 9, siku ya 15. Siku ya 19 faili yangu yenyewe ikawa haionekani. Nikakata shauri: naenda zangu Lamu, saini zitanikuta nyumbani. Nikawatangazia wenzangu kwamba nimedifa, jambo ambalo halikuwa kweli, nikapanda basi la usiku. Simu yangu ilikuwa na moto asilimia 4. Nikamwomba mwenzangu wa chumba, kijana wa bara mwenye moyo safi na Kiswahili cha haraka, awapigie nyumbani awaambie niko njiani.

Alipiga alfajiri. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, na Bibi simu huishika mbali na sikio. Mwenzangu huyo anaapa hadi leo kwamba alisema maneno haya tu: "Bibi, pole kwa kukuamsha. Jamaa amedifa. Ametuacha jana usiku. Yuko njiani kuja huko. Vitu vyake nitavifunga nivitume."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Hakuna hata moja la uongo.

Mimi huku nalala kwenye basi. Mombasa nikabadilisha, Malindi tukanywa chai, Garsen, vizuizi vya askari, Witu, na alasiri hiyo nikashuka Mokowe, mdomo mchungu na mgongo umekufa ganzi. Nikamwona Ami yangu gatini, amevaa kanzu nyeupe, na wazee wanne nyuma yake. Nikasema moyoni, kumbe napendwa hivi! Nikamwendea mbio.

"Shikamoo, Ami."

Hakuitika. Alinitazama miguu kwanza, kama vile anahakikisha inagusa chini. Mzee mmoja akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mwingine, ambaye magoti humsumbua tangu nizaliwe, alikuwa ameshafika kwenye vibanda vya chai.

"Umekuja na nani?" Ami akauliza.

"Peke yangu."

"Mwili uko wapi?"

"Mwili wa nani?"

"Wako!"

Ilituchukua muda kuelewana, na tulipoelewana Ami alinikumbatia, akalia, kisha akanizaba kibao cha bega, yote kwa mkono uleule. Hapo ndipo mwenye boti akasogea. Boti ilikuwa imekodishwa nzima kuvusha maiti na waombolezaji hadi Amu, yaani mji wa Lamu, arbuni shilingi 2,000 imeshatolewa, 3,000 zilizobaki alizitaka sasa.

"Tulipatana maiti," Ami akasema. "Maiti hakuna."

"Tulipatana nimvushe kijana wako. Huyu si kijana wako?"

"Basi mchukue kwa nauli ya abiria."

"Abiria hakodi boti nzima. Na maiti hana begi. Huyu ana begi."

Ami akataka arbuni yake. Mwenye boti akamjibu kwamba hairudishwi. Kidogo nimtetee, maana kwa kanuni za kuahirisha alikuwa sawa kabisa: ulicholipa hakirudi. Walikata bei kwenye 1,000, nikavushwa kwenye boti yangu mwenyewe, nimekaa katikati penye nafasi iliyoachwa, wazee pande zote mbili wakinitazama bila kusema.

Habari ilitutangulia mjini. Kutoka gatini hadi kwetu mtaa wa Langoni ni mwendo wa dakika 10, siku hiyo ulikuwa wa saa nzima. Watoto walinigusa wakakimbia. Punda pekee ndio walionipita kama kawaida, bila kunipisha. Nyumbani nikakuta majamvi yametandikwa, masufuria ya jirani yamekwisha kuja, na sanda imenunuliwa, vipande vitatu, vimekunjwa juu ya kiti.

Bibi alinishika uso kwa mikono miwili. "Nawe wafa bila kuaga?"

Nikamweleza. Kudifa, Bibi, ni kuahirisha.

"Kuahirisha nini?"

"Masomo."

Akafikiri. "Basi na hii tuiahirishe," akasema, akaitia sanda sandukuni. Muuza duka alikuwa amemwambia kitambaa kilichokatwa hakirudi.

Nilidhani yameisha, hadi Ami alipokumbuka jambo, akashika kichwa. Asubuhi ile alikuwa amepiga simu chuoni. Namba yake ndiyo niliyoandika kwenye faili kama mtu wa karibu, na namba ya idara ilikuwa kwenye barua ya kuitwa. Alitaka kujua mwili umetoka na gari gani na nani amechukua kibali cha mazishi.

Tulipiga tena papo hapo. Katibu akapokea kwa sauti ya upole ambayo sikupata kuisikia kwa siku 19. Akampa Ami pole. Akasema faili ya marehemu imeshapatikana, iko mbele yake, mwenyekiti amerudi na anaisoma, na darasa limeanza kuchanga.

"Mpe simu mwenyekiti," nikasema. "Mimi ndiye marehemu."

Kimya. Nikasikia kiti kikivutwa. Kisha sauti nzito ikaniuliza namba ya usajili, nikaitaja yote na mikwaju yake. Ikauliza naumwa nini. Homa ya matumbo, na barua ya hospitali imo ndani, ina tarehe mbili na muhuri.

"Naiona," akasema. "Na hii fomu iko hapa tangu lini?"

Sikumjibu, katibu alikuwa akisikiliza. Maadamu faili iko wazi, mwenyekiti akatia saini zote tatu, akampa mhudumu aipeleke kwa mkuu wa kitivo ikingali moto. Baada ya siku 2 msajili akatuma barua yenye namba kwenye barua pepe yangu. Nikaichapisha kwenye saiba, nakala moja nikaihifadhi, nyingine Ami akaikunja akaitia mfukoni mwa kanzu. Akiulizwa msikitini ananionyesha mimi kwanza, halafu barua.

Mwaka ulipotimia nikarudi. Gatini Amu nikamkuta mwenye boti yuleyule, nikamwambia kwa utani kwamba ile arbuni aisogeze mbele, anivushe bure.

"Arbuni ile," akasema akivuta kamba, "ilikuwa ya kuja."