King's College Chapel mara ya pili, safari hii sikukimbilia dari

Nimerudi Cambridge, Uingereza, mwezi uliopita, miaka tisa imepita toka ile safari ya kwanza, na nlishajiapiza kabisa kwamba sikimbilii dari. Mara ya kwanza nliingia King's College Chapel, lile kanisa la chuo cha King's, shingo juu, simu juu, picha hamsini, huyoo nimetoka. Sijilaumu sana maana lile dari ni balaa, mawe matupu yametandazwa kama pepeo za ukili zilizoshonwa pamoja, mita 24 hivi juu ya kichwa chako, na fundi John Wastell na watu wake walilipiga kwa kama miaka mitatu tu, 1512 mpaka 1515.

Ila kiukweli stori yenyewe haiko juu, iko ukutani. Anza nje, angalia zile nguzo nene za pembeni, chini mawe ni meupe, ukipandisha macho taratibu rangi inageuka inakuwa kama ya asali. Mi nlidhani ni uchafu wa miaka mingi. Kumbe hapo ndo ujenzi ulikwama, yani mfalme Henry wa Sita kaweka jiwe la msingi kwa mkono wake 1446, halafu 1461 akapinduliwa, jengo likabaki kama nyumba iliyoishia kwenye lenta, waliokuja kuendelea baadae wakaleta mawe ya kwingine. Na kabla ya hapo kulipita bomoabomoa ya maana, maana kiwanja hakikuwa pori, ilikuwa mitaa ya watu, nyumba, njia za kushuka mtoni kwenye gati, hadi kanisa la watu likaondolewa. Hilo ukiwa umesimama kwenye yale majani yaliyokatwa vizuri hulioni hata kidogo.

Sasa ingia ndani. Huyu Henry aliacha maagizo kwamba hataki manakshi ya kupitiliza, na ule upande wa mashariki ulioanza enzi zake umetulia kweli. Upande wa magharibi sasa, jamani! Mawaridi, mataji, majoka, mbwa wa kuwindia, mageti ya ngome, kila ukigeuka nembo ya Tudor, ukoo wa kifalme uliokuja baadae, utadhani mabango ya kampeni. Pesa ya kumalizia ilikuwa yao kwa hiyo wakahakikisha kila mtu anajua. Wengi wanasifia sana huo upande, kazi ya mkono ni safi sikatai, ila mi naona wameharibu utulivu wa mwenzao, tena marehemu.

Kilichonikalisha zaidi ni ule ukuta wa mbao mweusi unaogawa kanisa katikati, wa Henry wa Nane huo, mfalme wa ukoo huo huo wa Tudor. Ukisogea karibu unakuta H na A zimechongwa pamoja, A ni Anne Boleyn, mkewe. Mke huyo huyo alikatwa kichwa 1536, kwa amri ya mumewe, na herufi bado zipo hapo zimekumbatiana. Nikatoa simu nipige, moja tu, giza lile, mbao nyeusi, picha ikatoka ukungu mtupu.