Kibodi ya vipande viwili: hesabu vitufe vya gumba kwanza

Wanaolinganisha kibodi za vipande viwili kama Moonlander, Voyager, Advantage360 na Corne huanzia kwenye bei, kisha jumla ya vitufe: 72, 52, 76 na 42. Kwa anayeandika Kiswahili kutwa nzima, naona idadi hiyo haina uzito kama ya vitufe vya kidole gumba. Kila upande Moonlander inavyo vinne, Voyager viwili, Advantage360 sita, Corne vitatu.

Andika "nyumba" kwenye QWERTY, mpangilio wa kawaida wa herufi, huku ukiutazama mkono wa kulia. N, y, u na m zote ni za kidole cha shahada. Kinapanda na kushuka peke yake, vingine vimetulia tu. "Muhimu" ni hivyohivyo, herufi tano kati ya sita. Halafu kuna a, tunayoitumia kuliko herufi zote, imeachiwa kidole cha mwisho cha kushoto. Kuhamia mipangilio mingine ya herufi kama Dvorak au Colemak hakusaidii hapo, maana zote mbili zimeiacha palepale.

Dawa ni kuihamishia a kwenye gumba la kushoto. Si jambo geni: kibodi za Maltron za Uingereza ziliweka e kwenye gumba kwa ajili ya Kiingereza. Kitufe cha nafasi kibaki kulia. Maneno yetu mengi yanaishia na a, na ukiziweka zote mkono mmoja, gumba hilohilo litapiga a kisha nafasi mchana kutwa.

Sasa hesabu: a, nafasi, Enter, Backspace na vitufe viwili vya kubadili matabaka, yaani vya kuwapa vitufe vingine kazi nyingine, kama namba na alama. Jumla sita. Corne inatosha barabara, ila haina safu ya namba, na mhasibu ataichukia. Voyager inavyo vinne tu kwa jumla, kwa hiyo lazima vitufe viwili vifanye kazi mbili kila kimoja: ukigusa ni kitufe cha kawaida, ukishikilia ni tabaka. Usiipe a mzigo huo. QMK, programu inayoendesha kibodi nyingi za aina hii, kwa kawaida hutumia kikomo cha milisekunde 200 kutofautisha kugusa na kushikilia. Anayeandika haraka ataona a ikichelewa, au tabaka likifunguka katikati ya neno. Wape Enter na Backspace kazi hiyo.

Wingi nao usikudanganye. Kile chekundu cha Moonlander kiko mbali, na kati ya sita vya Advantage360 vile vidogo vya juu vinakulazimu kuhamisha mkono. Kabla ya kulipa, chapisha mchoro wa kibodi kwa ukubwa halisi. Kwa Corne ya swichi za MX (aina ya kawaida ya swichi zilizo chini ya vitufe), pima kwa rula: katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake iwe kama milimita 19. Weka viganja juu ya karatasi, kisha hesabu vile tu ambavyo gumba linavifikia kifundo kikiwa kimetulia.

Ukishanunua, waya unaounganisha vipande viwili, kama una plagi kama ya spika za masikioni, usiuchomoe umeme ukiwa unapita; plagi inapoteleza hugusanisha njia za umeme na inaweza kuunguza bodi. Chomoa USB kwanza.