Swichi na ruta: tuanze kwa kuuliza mabadiliko yanaingiaje

Vikao vya kuchagua swichi au ruta mpya, yaani vifaa vinavyopitisha data kwenye mtandao, huwa vinaishia kwenye swali moja: je, amri zake zinafanana na zile tulizozizoea? Swali hilo lina sababu zake. Fundi aliyekulia kwenye Cisco akipewa kifaa cha Huawei, siku za mwanzo atakuwa anaandika "show" wakati mfumo unataka "display", na "no" wakati unataka "undo". Lakini usumbufu huo hupita haraka, vidole vinazoea. Mimi ningependa tuanze na swali jingine: ukibadilisha mipangilio, mabadiliko yanaanza kufanya kazi wakati gani, na yakikukatia mawasiliano, nani atayarudisha?

Tuitazame Cisco IOS (mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco), ambayo wengi wetu ndiyo tuliyojifunzia. Ukibonyeza Enter, mstari umeshaanza kazi. Hakuna rasimu wala nafasi ya kusimama ukatazama ulichoandika. Mfano ninaopenda kuwaonyesha wanaoanza ni huu: lango la trunk (linalobeba VLAN kadhaa, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi) linapitisha VLAN 10 na 20, nawe unataka kuongeza 30. Ukiandika "switchport trunk allowed vlan 30" bila neno "add", mfumo hauongezi chochote; unafuta orodha yote na kubakiza 30 peke yake. Kama uliingia kwenye swichi hiyo kupitia VLAN 10, skrini inaganda papo hapo, na wote waliokuwa wakilitegemea lango hilo wamekatika pamoja nawe. Amri ilikuwa halali na mfumo umetii.

Junos ya Juniper, iliyotoka mwaka 1998 ikiwa imejengwa juu ya mfumo endeshi huria wa FreeBSD, inakwenda njia nyingine kabisa. Humo kazi yote inafanyika kwenye rasimu. Unaandika, unafuta, unapanga upya, na wakati huo trafiki, yaani data ya mtandao, inaendelea kupita kwa mipangilio ileile ya awali. Kwa "show | compare" unaona mstari upi umeongezwa na upi umeondolewa. Ukiridhika, unaandika "commit", na rasimu inaanza kufanya kazi. Ukiwa na wasiwasi, unaandika "commit confirmed": mabadiliko yanaingia, kisha kifaa kinakusubiri dakika 10. Usipothibitisha ndani ya muda huo, pengine kwa sababu umejikatia njia mwenyewe, kinarudi chenyewe kwenye mipangilio iliyotangulia. Isitoshe, Junos inaweza kutunza hadi matoleo 50 ya mipangilio, ukaliita unalotaka kwa "rollback". Kwa anayesimamia ruta iliyo mbali, mahali pasipo na mtu wa kwenda kuchomeka kebo ya konsoli (ya kuingilia kifaa moja kwa moja bila kupitia mtandao), sijui tofauti nyingine yenye uzito kama hii.

Watetezi wa IOS hunijibu kwamba kuna "reload in 10". Ipo, na inafanya kazi: kabla hujagusa kitu unaiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, na mambo yakienda vizuri unaifuta amri hiyo. Ila tazama gharama yake. Ili kurudisha mstari mmoja, kifaa kizima kinazimika pamoja na trafiki yote iliyokuwa ikipita salama. Baadaye ilikuja njia ya kurudisha mipangilio muda uliowekwa ukiisha, bila kuwasha upya, lakini inakutaka uwe umeandaa mahali pa kutunzia nakala kwanza, na mafundi wengi ninaofahamiana nao hawaitumii. Cisco wenyewe, walipotoa IOS XR mwaka 2004 kwa ajili ya ruta kubwa za CRS-1, waliiweka rasimu na commit tangu mwanzo. Kwangu mimi hapo hoja imekwisha.

RouterOS, mfumo wa ruta za MikroTik, iko katikati. Kila badiliko linaingia mara moja, lakini ukiwasha hali yake ya usalama kwa Ctrl+X, muunganisho wako ukikatika ghafla mfumo unatengua ulichofanya tangu ulipoiwasha. Ni kitu kidogo, na kimewaokoa wengi.

Watu pia hupenda kulinganisha kilichomo ndani, na hilo nalo lina maana. IOS ya zamani ilikuwa programu moja kubwa, shughuli zake zote zikitumia kumbukumbu moja bila ukuta kati yake, hivyo moja ikiharibika inaweza kuangusha kifaa chote. IOS XE, iliyokuja baadaye, iliihamishia IOS juu ya Linux. EOS, mfumo wa swichi za kampuni ya Arista, ilikwenda mbali zaidi: hali ya mfumo inawekwa mahali pamoja, kwenye Sysdb, na kila kazi ina programu yake; programu ikifa inaanzishwa tena na kusoma hali yake humo. Kwa mikono ya fundi, hata hivyo, EOS inafanana sana na IOS, kiasi kwamba Cisco iliishtaki Arista mwaka 2014, na kesi zao zikamalizika mwaka 2018 kwa Arista kulipa dola milioni 400. Amri zinashabihiana, matumbo ni tofauti kabisa.

Ndiyo maana sikubaliani na anayedhani mfumo wa kisasa na wa wazi moja kwa moja utakuwa mpole kwa fundi. SONiC, mfumo endeshi wa swichi ulioanzia Microsoft na kufunguliwa kwa wote mwaka 2016, ina kontena (programu zilizotengwa kila moja peke yake), ina hifadhidata ya Redis, na imejengwa vizuri ndani. Lakini amri zake za kawaida za "config" zinaingia mara moja, na usipofanya "config save" zinapotea kifaa kikiwashwa upya. Mazoea ya IOS ya zamani yamo humo.

Commit nayo ina mitego yake. Kwa kawaida rasimu ya Junos ni ya pamoja: mwenzako akiacha mabadiliko nusu, commit yako itayaingiza na ya kwake. Penye mafundi zaidi ya mmoja, ingia kwa "configure private" (rasimu yako peke yako) au "configure exclusive" (wengine wanazuiwa kubadilisha). Vilevile mfumo hukagua kama mipangilio inaeleweka. Hauwezi kujua kama ndiyo uliyoikusudia.

Kwa hiyo muuzaji akikuletea kifaa cha majaribio, mwombe aingie kwa mbali, kisha aondoe anwani ya kiolesura (lango la mtandao) kilekile alichoingilia. Mwache achague njia yoyote ambayo mfumo wake unampa, halafu hesabu dakika hadi kifaa kitakapopatikana tena, na uangalie kama trafiki ya wengine ilikatika wakati huo.